Ukimlipa akutembeze sokoni, hujamnunua

Kila soko kubwa la ukanda wetu lina watu wanaoishi kwa kushika mkono wageni. Kariakoo utasikia wanaitwa wenyeji au madalali. Kampala ni mabroka. Ukivuka kwenda Kigali, Bujumbura au Goma utakutana na neno komisionere. Jina linabadilika, kazi ni ile ile: mgeni anashuka kwenye basi asubuhi na fedha kiunoni, hajui lugha ya mtaa, hajui duka lipi linauza jumla na lipi linajifanya linauza jumla, na anamlipa mtu atembee naye siku nzima mpaka mzigo upakiwe.

Tumesikia mengi mazuri kuhusu milango ya Jumuiya kufunguliwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Vituo vya huduma kwa pamoja vimejengwa Rusumo, Holili, Mutukula, Busia, Namanga na kwingineko, na mtu anagongewa mihuri ya nchi mbili bila kuhama jengo. Congo imeingia mwaka 2022, Somalia 2024. Yote hayo ni heri. Lakini hakuna itifaki inayokupa ulimi wa kuzungumza Kiganda na mama wa duka la Kikuubo, wala inayomfundisha mfanyabiashara wa Lubumbashi kwamba bei aliyoambiwa kwenye ghorofa ya chini ya jengo la Kariakoo inaweza kuwa tofauti kabisa akipanda ghorofa ya tatu. Kazi hiyo anaifanya mwenyeji wa kulipwa, na kwa kadiri milango inavyofunguka ndivyo anavyozidi kuhitajika.

Kwa hiyo ni ajabu namna tunavyomtendea. Nasema "tunavyo" kwa makusudi, maana hili si la Watanzania peke yao wala la Wakenya peke yao. Mtu ambaye kwake anamwamkia kila mkubwa kwa shikamoo, akivuka mpaka na kukodi mwenyeji anageuka bwana mkubwa. Anamwita kwa kupiga vidole, anamwacha amsubiri nje ya mgahawa, jioni anampunja, na usiku anampigia simu akitaka mambo ambayo hayakuwamo katika mapatano.

Hebu tujiulize mtu huyu anauza nini. Anauza muda wake, hilo kila mtu analiona. Anauza ulimi na ujuzi wake wa soko, hilo pia linaonekana. Kitu cha tatu ndicho tunachokisahau, nacho ni jina lake. Anapokuingiza dukani, muuzaji hakujui wewe, anamjua yeye. Akikufungulia marobota ishirini uyapekue, anafanya hivyo kwa sababu ya yule aliyekuleta. Wewe Ijumaa utakuwa kwenu. Yeye Jumatatu atapita mbele ya duka lile lile, na Jumanne, na mwaka ujao.

Nianze na fedha, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Desturi yetu mbaya ni kutokutaja bei. Mgeni anasema, "Twende tu kaka, tutaelewana." Mwenyeji naye anaona haya kudai kwa mtu ambaye hata chai hajanywa, basi anakubali. Wanatembea saa tisa juani. Jioni mgeni anachomoa kiasi anachojisikia kutoa, na mwenyeji anapolalamika anaambiwa hana shukrani. "Tutaelewana" mara nyingi ina maana kwamba mmoja ndiye atakayeelewa. Taja bei asubuhi, mkiwa mmesimama pale pale mlipokutana: siku inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, fedha ya nchi gani, nauli za ndani ya mji na chakula cha mchana ni juu ya nani, na kama mzigo utachelewa kupakiwa mpaka usiku, saa za ziada ni kiasi gani. Kusubiri nako ni kazi. Ukimwambia aje saa moja asubuhi, ukamshukia saa nne kwa sababu ulikuwa unapiga simu nyumbani, zile saa tatu ni zako na unazilipia.

Wale wetu waliofika Guangzhou au Yiwu wanalijua hili vizuri. Kule mkalimani ana bei yake ya siku, na mfanyabiashara wa Kiafrika anailipa bila kelele, anamnunulia chakula, na akimpata mzuri anatunza namba yake kama dhahabu. Mtu huyo huyo akifika Kampala au Bujumbura anaona kumlipa Mwafrika mwenzake kwa kumwonyesha njia ni kama kuibiwa. Sijui tulijifunza wapi kwamba ulimi wa Kichina una bei na ulimi wa Kirundi ni wa bure.

Halafu tunakuja kwenye lile jambo linalonong'onwa, kamisheni ya pembeni. Wageni wengi wanalalamika kwamba mwenyeji anapatana na muuzaji kwa lugha wasiyoijua, bei inapandishwa, na tofauti inarudi mfukoni mwa mwenyeji wakishaondoka. Ni kweli, inatokea. Lakini tufanye hesabu. Tuseme umemlipa mwenyeji shilingi 10,000 za Tanzania kwa siku nzima, ukijisifu kwamba umempata kwa bei ya chini. Umenunua mashati 100. Muuzaji ameongeza shilingi 500 kwa kila shati kwa ajili ya aliyekuleta. Hiyo ni 50,000. Jumla umemlipa 60,000, ila 10,000 umeitoa kwa mkono na 50,000 umeitoa bila kujua. Ungempa 35,000 kwa uwazi, mkakubaliana kwamba anatafuta bei ya chini kabisa, ungebaki na 25,000 yako na yeye angekuwa na mchana usio na wizi ndani yake.

Simtetei mwizi. Ninachosema ni kwamba anayemlipa mwenyeji fedha isiyotosha hata chakula cha watoto wake anamwelekeza mwenyewe kwa muuzaji. Dawa ni kulitaja. Mwambie asubuhi: "Najua wauzaji wengine hutoa shukrani. Nikikulipa kiasi hiki, je, unachukua na kule, au hapana?" Wengine watakuambia wazi kwamba duka fulani hutoa kitu kidogo kwa kila robota. Sawa, sasa unajua, na unaweza kuihesabu kwenye malipo yake. Swali lenyewe likiulizwa kwa adabu halimvunjii mtu heshima. Linamvunjia heshima likiulizwa jioni, kwa sauti ya juu, mbele ya wapakiaji.

Nirudi kwenye jina. Kuna mgeni anayepatana bei, anafika mwisho, muuzaji anakubali, wapakiaji wanaanza kufunga mzigo, kisha mgeni anasema amebadili nia, anakwenda kuangalia kwingine. Kwake ni ujanja wa biashara. Kwa mwenyeji aliyetafsiri yale mapatano neno kwa neno, ni aibu atakayoibeba peke yake. Kuna anayemtukana muuzaji kwa Kiswahili akidhani hasikiki, kisha anamgeukia mwenyeji: "Mwambie hivyo hivyo." Mwenyeji mwenye akili atalilainisha tusi lile, nawe usimlaumu kwa tafsiri mbaya. Na usimwombe atoe uongo kwa niaba yako, kwamba una lori zima linakuja wiki ijayo, kwamba wewe ni mteja mkubwa wa duka la jirani. Uongo huo unasemwa kwa mdomo wake, si wako.

Baya kuliko yote ni deni. Mgeni amepungukiwa kidogo, muuzaji anamtazama mwenyeji, mwenyeji anatikisa kichwa kwamba huyu namfahamu, mzigo unatoka. Tangu dakika ile mwenyeji ni dhamana, hata kama hakuna karatasi. Mgeni akifika kwao, simu inazimwa. Muuzaji hana njia ya kumfuata mtu Kahama au Bukavu, lakini anajua mwenyeji anaishi mtaa gani. Kama hujafikia hatua ya kukopeshwa na muuzaji kwa jina lako mwenyewe, usichukue mali kwa jina la mtu unayemlipa kwa siku. Ikikubidi kabisa, andikeni, namba yako ya kitambulisho iwe kwenye karatasi ile, na tarehe.

Sasa mpakani, ambako adabu inageuka kuwa suala la sheria.

Wengi wenu mnaujua utaratibu uliorahisishwa wa biashara ndogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwamo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake isizidi dola 2,000, zinapita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki. Utaratibu huu umewasaidia akina mama wengi wa Busia na Mutukula kuliko semina zote za utangamano nilizopata kuzisikia. Tatizo ni kwamba baadhi yetu tumeona humo mlango wa nyuma. Mzigo una thamani ya dola 3,500. Mfanyabiashara anamgeukia binti aliyekuwa anamtembeza sokoni na kumwambia, "Hii nusu pita nayo wewe, useme ni yako, nitakupa cha soda."

Hebu tazama alichoombwa. Ameombwa atamke mbele ya ofisa wa forodha kwamba mali isiyo yake ni yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inalihesabu tamko la uongo kuwa kosa, na mali inaweza kutaifishwa. Wewe ukishtukiwa unapoteza nusu ya mzigo na unaendelea na safari. Yeye ndiye ambaye jina na kitambulisho chake viko kwenye fomu, katika mpaka ambao labda anaupita kila wiki, mbele ya maofisa ambao kesho watamkumbuka sura. Na yote hayo kwa bei ya soda. Vivyo hivyo kwa bidhaa zilizotoka China zikanunuliwa Kariakoo au Kikuubo: kununuliwa Afrika Mashariki hakuzifanyi kuwa za Afrika Mashariki, na kumpa mwenyeji azipitishe kwa cheti kile ni kumtuma kwenye mtego. Kuna mawakala wa forodha wenye leseni kwa kazi hiyo. Ni ghali kidogo, nakubali, na wengine wana maringo, lakini wamesomea.

Na ukimpeleka mwenyeji wako nchi ya tatu, kwa sababu mmezoeana na unaona anakufaa, usimfundishe kumwambia ofisa wa uhamiaji kwamba yeye ni dada yako. Ulizeni mapema anahitaji hati gani, na gharama ya hati hizo ni yako, maana safari ni yako.

Lipo jambo ambalo magazeti yetu hulizungukazunguka, nami nitalisema kama lilivyo. Wenyeji wengi wa kulipwa ni wanawake, hasa kule ambako biashara ya nguo, vitenge na vipodozi ndiyo inayovuta wageni. Wanajua mali, wanajua lugha tatu au nne, na wafanyabiashara wanaume wanawapenda kwa sababu wauzaji huwaamini. Halafu jua likizama, baadhi ya wanaume hao wanaamini kwamba ile fedha ya asubuhi ilikuwa na maana nyingine. Simu inapigwa saa tatu usiku: njoo hotelini tupige hesabu. Hesabu hizo zingeweza kupigwa saa kumi na mbili jioni pale stoo.

Malipo ya siku si malipo ya usiku. Mwanamke aliyekubali kukutafsiria bei ya vitenge amekubali kukutafsiria bei ya vitenge. Kumnunulia chakula cha mchana hakujabadilisha kitu, kumlipia chumba kwa sababu mmechelewa kupakia hakujabadilisha kitu, na kucheka kwake na mizaha yako kutwa nzima ni sehemu ya ustadi wa kazi yake, kama muuzaji anavyokuchekea ukiwa unamchosha. Anayemwambia mwenyeji kwamba atamlipa kesho asubuhi akija chumbani hadai penzi, anashikilia mshahara wa mtu mateka. Hilo lina jina lake mbele ya sheria, na pia lina jina lake mtaani.

Wanawake wafanyabiashara wanaosoma hapa hawahitaji kufafanuliwa. Wengi wamewahi kusimamishwa mpakani na mwanamume mwenye muhuri mkononi, akawaambia mambo yao yatakwenda haraka kama watakuwa "waelewa". Wanajua uchungu wa kuomba haki yako kwa mtu anayetaka kitu kingine. Basi ni vema nasi wengine tutambue kwamba tukiwa na pochi nene katika mji wa watu, tunaweza kuwa ofisa yule yule bila sare. Na haliwahusu wanaume peke yao. Wapo akina mama wenye mitaji mikubwa wanaowachezea vijana wao wa kuwatembeza namna hiyo hiyo, na kijana akikataa, safari inayofuata hapigiwi simu.

Mambo ya kufanya ni mepesi. Kutaneni na kuagana mahali penye watu: mapokezi ya gesti, mgahawani, ofisi ya basi. Fedha zihesabiwe hapo hapo au dukani kwa mtu anayeaminika, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Ikibidi alale mbali na kwake kwa sababu ya mzigo, yeye ndiye achague pa kulala, ufunguo uwe wake, na wewe ulipe tu. Usiku wa manane usipige simu ila kama lori limeanguka. Na ukishasema neno likakataliwa, likatae na wewe: kesho mwendelee na kazi kama jana, bila kununa na bila kumpunguzia malipo. Miji ya mpakani ni midogo. Mwanamke akionekana anaingia chumba cha mgeni saa nne usiku, hata kama alikuwa anapeleka risiti, mgeni anaondoka na basi la alfajiri na maneno yanabaki kwake, kwa mumewe, kwa wakwe na kwa wanawe shuleni.

Mengine ni madogo lakini yanamsema mtu alivyolelewa. Muulize anapenda aitweje. Mkongo wa Goma au Lubumbashi amezoea papa na mama, hata kwa mtu ambaye Mtanzania angemwita kaka au dada. Kampala ssebo na nnyabo zitakufungulia milango kuliko "we kijana". Bujumbura jifunze angalau amahoro, Kigali jifunze muraho. "Msichana wangu" mwachie baba yake. Mnapokuwa dukani, zungumza ukimtazama muuzaji, kwa sentensi fupi, kisha umwache mwenyeji atafsiri mpaka amalize. Wapo watu wanaotoa hotuba ya dakika tano halafu wanashangaa tafsiri imekuwa ya maneno sita. Ukila, kula naye meza moja, labda yeye mwenyewe aseme anapendelea kula kwake. Namba yake ya simu usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara 200 kabla hujamwomba ruhusa, hata kama nia yako ni kumtafutia wateja. Na laini yake ya pesa za simu si benki yako. Ukipitisha mamilioni ya watu usiowataja kwenye namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, siku likitokea swali ataulizwa yeye.

Heshimu pia siku zake. Rwanda asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, na Burundi kuna kazi za maendeleo Jumamosi asubuhi. Usimlazimishe mtu akupeleke sokoni saa mbili, maduka yenyewe yamefungwa. Pwani, Ijumaa mchana ni ya msikiti. Kuna Wasabato wasiofanya kazi Jumamosi hata uwape dola mia. Na akikupa onyo, lisikilize. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Juni 1, 2019, lakini mpaka leo bado yupo mtu anayebishana na mwenyeji wake kwamba mifuko yake ni midogo tu, haina neno. Umemlipa mtu kwa ajili ya anachokijua. Kumbishia kila hatua ni kutupa fedha zako.

Nayajua majibu yatakayokuja. Kwamba hawa wenyeji ni matapeli, kwamba fulani aliachwa stendi bila mzigo, kwamba mwingine alipelekwa duka la binamu akauziwa mali mbovu. Sitabisha, masoko yote yana watu hao. Lakini tazama ni nani anayeangukia mikononi mwao mara nyingi: ni yule anayeshuka kwenye basi na kumchukua wa kwanza aliyemshika begi, kwa sababu ni rahisi. Mwenyeji mzuri hashindani na wengine kushika mabegi ya watu stendi. Anapatikana kwa kuuliza wenzako waliotangulia, kwa kuuliza chama cha wafanyabiashara cha pale mpakani, kwa kuomba namba za wateja wake wawili na kuwapigia. Yeye naye ana haki ya kuuliza habari zako, na usikasirike akifanya hivyo. Mwanamke atakayeomba picha ya kitambulisho chako na kuituma kwa dada yake kabla ya kutoka nawe anafanya jambo la busara, nawe mpe bila kununa.

Vyama vyetu vingeweza kusaidia hapa. Vipo mipakani, vina ofisi, vingine vina mabango makubwa kuliko ofisi zenyewe. Chama kikibandika ukutani bei ya kawaida ya siku ya mwenyeji, kwa fedha za pande zote mbili, kikaandika kinachohusika na kisichohusika, na kikaweka namba ya simu ya kupeleka malalamiko ya pande zote, nusu ya ugomvi huu ungeisha bila mkutano wa mawaziri. Daftari la wenyeji wanaoaminika liwepo, na la wageni wasiolipa liwepo pia. Hilo la pili ndilo ninalotaka kuliona kwanza.

Mpaka hapo, lipa jioni ile ile, mzigo ukiisha kupakiwa, kabla hujaanza kupanga viti na kondakta. Hesabu mbele yake, naye ahesabu mbele yako. Kama mmekubaliana dola, na uko Goma au Bukavu, mpe noti safi: dola iliyochanika pembeni hata ukucha mmoja hawaipokei kule, na mgeni anayempa mwenyeji noti ile ambayo maduka matatu yameikataa mchana kutwa anajua vizuri anachofanya. Na nauli yake ya kurudi nyumbani iwe juu ya malipo, hasa kama basi lako linaondoka alfajiri na yeye ndiye aliyekusindikiza stendi kukiwa bado giza.